Ulezi Uliokwisha Kulowekwa

Mwaka 1981, nikiwa na miaka ishirini na miwili, shida ilinianza. Nchi nzima ilikuwa na shida kabla ya hapo, hilo nalijua. Vita vilikuwa vimekwisha, na sabuni imekwisha, na chumvi imekwisha. Lakini mimi nahesabu kuanzia siku mume wangu alipozikwa, maana kabla ya siku hiyo tulikosa wote pamoja na tulikuwa tunacheka. Baada ya hapo nilikosa peke yangu.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kisha mwalimu jirani akanisahihishia herufi. Alitaka kusahihisha na maneno, nikamwambia aache. Maneno ni yangu.

Kilichonifanya niandike ni swali la mjukuu wangu. Alikuja likizo ya Juni kutoka Dar es Salaam, akakaa jikoni kwangu kajifunika blanketi mbili kwa baridi yetu hii, simu mkononi. Akanionyesha mzungu mmoja aliyejaza chumba kizima vyakula vya makopo, anafundisha watu namna ya kuishi siku dunia itakapovunjika.

“Bibi, mambo yakiharibika kabisa, wanaopona ni wa mjini au wa shamba?”

“Wa shamba,” nikamjibu. “Huyo makopo yake yakiisha atatafuna bati?”

Akacheka mpaka blanketi likamdondoka. “Basi tutakimbilia kwako.”

Mimi sikucheka. Nilikwenda nje nikajifanya natafuta kuni.

Huyo binti ni mtoto wa mwanangu. Na nikisema mwanangu, nieleze kabisa. Sikumzaa. Ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Nilimlea tangu akiwa na miaka mitano, na alipozoea aliniita Mama. Hakuniita mama mdogo kama ilivyo haki yangu, aliniita Mama, mbele ya watu, kanisani, shuleni, siku ya harusi yake. Mwingine wa kuniita hivyo sikupata. Na miaka karibu arobaini nilikaa na jambo moja kuhusu mama yake, nikijua kwamba siku nitakapolisema, neno hilo litatoka kinywani mwake na halitarudi.

Dada yangu alinizidi miaka mitano. Aliolewa na dereva wa lori, wakakaa Sumbawanga mjini, vyumba viwili vya kupanga, juu bati. Kila Krismasi alikuja kijijini kwetu, huku nyuma ya Pito, na sabuni ya mche, sukari, na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Alivaa viatu mpaka ndani ya nyumba. Alikuwa ananiangalia miguu.

“Mdogo wangu, hii ni miguu au magome ya mti?”

Watu wanacheka, na mimi nacheka. Sabuni aliyonipa nilikuwa siiogei. Niliifunga kwenye kitambaa, nikawa nainusa tu.

Kisha maduka yakawa na rafu tupu. Mjini walipanga foleni kabla jua halijatoka, na aliyechoka kusimama aliacha jiwe au kopo lake kwenye mstari limshikie nafasi. Mahindi ya Ufipa yalipakiwa kwenye malori yakaenda mbali, na walioishi pale pale mjini wakala unga wa njano wa kugawiwa, ukija. Ukijaribu kuingiza gunia kutoka shamba, kwenye kizuizi cha barabarani linashushwa. Mume wa dada alikwenda Mbeya na lori, lori likafa, spea hakuna, likakaa huko. Naye akakaa nalo. Baadaye tulisikia amepata mwanamke na anajenga.

Sisi wa kijijini tulikula. Tusidanganyane. Chumvi tulitengeneza kwa kuchoma mafunjo ya bondeni na kuchuja majivu, chungu kama dawa. Kiberiti hakukuwa, mtu alikwenda kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Mimi na wifi yangu tulikuwa na kitenge kimoja kizuri cha wawili: yeye misa ya kwanza, mimi misa ya pili, tunabadilishana nyuma ya kanisa. Lakini maharage yalikuwepo, ulezi ulikuwepo, maboga yalikuwepo.

Na nitasema jambo la aibu. Niliposikia kwamba mjini wanagombania unga, nilifurahi. Sio sana. Kidogo tu, kama mtu aliyekalishwa chini siku nyingi halafu akaona waliokaa kwenye viti nao wanashuka.

Mume wangu alikufa kwa homa mwezi wa kumi na moja, akaniachia jembe na mteremko wa majani ambao hata yeye hakuwahi kuulima. Mtoto hatukupata. Wazee wa kijiji wakaniambia wazi: ardhi isiyoguswa jembe mpaka mvua ziishe atapewa mwenye watoto. Mmoja akasema, “Wewe bado kijana, utaolewa kwingine, unang'ang'ania majani ya nini?” Nilimkumbuka huyo mzee kila siku nilipokuwa nalima. Amekufa sasa.

Shamba jipya kwetu halilimwi kama kwingine. Mvua zikikaribia kuisha, majani yakiwa bado mabichi, unayakata na udongo wake, unayageuza na kuyafunika, unajenga kichuguu cha mviringo kinachofika magotini. Kichuguu hicho tunakiita ntumba. Ndani majani yanaoza, juu unapanda maharage, mwaka unaofuata unavunja unatawanya, unapanda ulezi. Mteremko mmoja una ntumba mamia. Mtu mmoja hawezi. Unaita watu, na watu hawaji kwa maneno, wanakuja kwa pombe.

Nilikuwa na ulezi debe nne kwenye kihenge. Wote. Mwezi wa tatu nikauloweka, nikaufunika kwa magunia yenye maji uchipue uwe kimea, nikapita nyumba kwa nyumba kutaja siku: Jumamosi ya wiki inayofuata, njooni na majembe. Na hapo ndipo penye kazi. Kwetu mwanamke akishaloweka na kutaja siku, ulezi ule si wa nyumba yake tena. Ni wa watakaolima. Akiugusa akaula, hakuna atakayemlimia, si mwaka ule wala mwingine wowote, na watamwimba kwenye pombe za wenzake kwamba alikula jasho la watu. Mjane akiimbwa hivyo, ajiandae kuhama.

Ilikuwa siku ya tatu tangu niloweke, saa nane mchana, jua kati ya mvua mbili. Nikasikia, “Hodihodihodi!” Dada yangu alikuwa anapiga hodi tatu bila kupumua katikati. Akaingia na mtoto mgongoni, miguu ya mtoto inakaribia kugusa chini.

“Karibu dada. Mbona umembeba mtu mzima?”

“Amechoka. Na mimi nimechoka. Nipe maji.”

Alikuwa pekupeku. Gauni la kijani, limechanika kwapani. Wifi yangu alikuwepo, tulikuwa tunachambua maharage. Dada akanywa, akampa mtoto, kisha pua yake ikapata harufu. Ulezi unaochipua unanuka utamu, kama mkate ambao haujaiva. Akaenda kwenye kona akafunua gunia, akaona mizizi myeupe imeanza kutoka.

“Debe mbili, mdogo wangu,” akasema bila kugeuka. “Nitauanika, nitausaga, tutakunywa uji mpaka mavuno. Naona unga wa kimea ndio bora kwa mtoto.”

“Huo si wangu tena.”

“Ni wa nani?”

“Wa watakaolima. Nimeshataja siku.”

“Na mimi ni nani?”

“Wewe ni wa mjini.”

Nililisema hivyo hivyo. Akageuka akaniangalia, kisha akamwangalia wifi yangu, naye wifi akainamia maharage yake. Dada akakaa chini, sakafuni, yeye ambaye siku zote aliletewa kigoda kikafutwa kwanza.

“Basi nipe jembe,” akasema. “Jumamosi na mimi nitalima. Sehemu yangu ya pombe nipe leo, ikiwa bado ulezi.”

Lilikuwa neno la haki. Mpaka leo nimeligeuza kila upande, ni neno la haki. Mlimaji ni mlimaji, na mwenye pombe anaweza kumpimia anayemtaka. Hakuna ambaye angeniimba. Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu.

Nikacheka.

“Mikono hiyo? Utalima kwa kucha?” Na wifi yangu naye akacheka, maana nilimwangalia acheke. “Dada, ntumba haijengwi na viatu.”

Hakuwa hata na viatu.

Alifungua furushi lake, ndani mlikuwa na vitenge viwili vipya, bado vina gundi ya dukani, alivyopewa na mumewe mambo yakiwa mazuri. Akasema atashuka Kasanga. Huko ziwani maboti yanakwenda Kongo na Zambia, watu wa ng'ambo wanataka nguo, samaki wapo. Atabadilisha, atawapandisha samaki mjini awauze. Mtoto abaki kwangu wiki moja.

“Wiki moja,” nikasema. “Sawa.”

Nikamfungia maharage kwenye kitambaa, kama vikombe viwili, na majani ya maboga. Akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anayepokea kwa mkubwa wake. Mimi ni mdogo wake. Sikumwambia asifanye hivyo. Akaondoka mchana ule ule, akapita kwenye njia ya bondeni, na mtoto hakulia kwa sababu nilikuwa nimempa boga.

Jumamosi walikuja watu ishirini na zaidi. Walilima wakiimba, ntumba zikajipanga mteremko mzima mpaka chini kwenye maji. Jioni pombe ilitosha na kubaki. Mzee yule yule wa “majani ya nini” alinyanyua kibuyu akasema, “Huyu mjane ni mwanaume.” Nilijisikia mrefu. Mtoto wa dada nilimwekea togwa pembeni, ile ya kabla haijachacha. Akanywa, akabakiza chini, akaniuliza, “Mama mdogo, hii ya Mama niiweke wapi?” Nikamwambia anywe tu, ya Mama ipo.

Wiki ikapita, ikapita ya pili. Wiki ya tatu nilimwacha mtoto kwa wifi, nikaenda mjini kwa miguu. Vyumba vya dada vilikuwa vimefungwa kwa kamba. Jirani yake wa ukuta alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, familia yao imehamia huku na ng'ombe wao, mume yuko malishoni na yeye kapanga mjini kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Alikuwa anakoroga uji.

“Wewe ndiye mdogo wake wa shamba?”

“Ndiyo, mama.”

“Sisi hapa tulikuwa tunapimiana unga kwa kikombe. Leo kwangu, kesho kwake, tukikosa wote tunacheka tunalala. Mimi ndiye niliyemwambia, nenda kwa mdogo wako, shamba hakukosekani kitu. Mimi nilimtuma. Alikuja?”

“Alikuja.”

“Ulimpa nini?”

“Maharage.”

“Kiasi gani?”

Nikaangalia miguu yangu. Alinitazama mpaka akaelewa, kisha akachukua kikombe chake, akagawa uji ule mwepesi mara mbili, nusu ya kwake akanisogezea. “Kunywa,” akasema. “Umetembea.” Nikanywa uji wa mtu asiye na unga, mimi niliyetoka kwenye unga. Niliumaliza wote, maana kwa kuukataa ningemtukana mara ya pili.

Kasanga nilishuka mwezi wa saba, baada ya kuvuna. Siku tatu, miguu na lori la kudandia. Kule chini ni joto, nchi nyingine kabisa. Niliwauliza wanawake wanaoanika dagaa kuhusu mwanamke wa gauni la kijani na vitenge viwili vipya.

“Wanawake wa huko juu wanashuka wengi, dada,” mmoja akasema. “Tungewaandika tungekuwa na daftari kubwa kuliko la padri.”

Mbeba mizigo mmoja alisema alimwona akipanda boti la kwenda ng'ambo, anacheka na wenzake. Mwingine akasema hapana, huyo ni mwingine, wa gauni la kijani alishikwa na tumbo la kuhara na kutapika, akafa siku ya pili, wakamzika watu wa pale pale bila kumjua jina. Akanipeleka kunionyesha. Palikuwa na makaburi mengi, hayana misalaba, udongo umerundikwa mviringo, majani mabichi yameanza kuota juu. Marundo yenyewe yanafika magotini.

Nilisimama pale nikaona ntumba.

Sijui kama alikuwa yeye. Sijui mpaka leo. Kama yule mbeba mizigo wa kwanza alisema kweli, basi dada yangu yuko Kongo, ni bibi wa miaka sabini, ana wajukuu wanaozungumza lugha nisiyoijua, na hataki kuniona. Natamani iwe hiyo. Lakini nilirudi nyumbani, nikafika juu ya mteremko wangu wakati jua limeinama, kila ntumba ina kivuli chake, na nilishindwa kushuka. Nilizunguka kwa njia ya mbali. Mwaka uliofuata nilipozivunja kutawanya udongo, kila jembe likishuka nilikuwa nashika pumzi.

Tangu hapo, ninapoloweka ulezi, siku ya tatu, saa nane mchana, nasikia hodi. Tatu, bila kupumua katikati. Sio ndoto, niko macho, nimeshika ungo. Najibu “Karibu!” kwa sauti. Majirani wananicheka, wanasema bibi anaongea na kuku. Nawaacha. Sijawahi kuiacha sauti ile bila kuikaribisha, wala sitaiacha. Nilimwambia padri kwenye kitubio, mwaka ule ule. Akanipa sala za kusali. Nilizimaliza kabla sijafika nyumbani, nikaona ni kazi ndogo mno kwa kosa lile, nikaacha kulisema.

Nikafanya kazi. Maharage ya mteremko ule niliyabeba kichwani mpaka Kasesya, nikavuka kwa njia za panya kuingia Zambia, nikarudi na chumvi na sabuni. Chumvi ile ndiyo iliyonijenga. Watu walionitazama kama mpita njia walikuja kwangu na vibakuli. Mtoto nilimsomesha mpaka akapata kazi ya uuguzi Dar es Salaam. Nilifanya hivyo vizuri, na silisemi ili nisifiwe. Kila nilichokigusa kilitoka kwenye mteremko ule, na mteremko ule ulitoka kwenye debe mbili. Huwezi kuvitenganisha. Nimejaribu.

Sasa mwaka wa korona, 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa tatu, mwanangu alinipigia simu. “Mama, huku watu wanaogopana. Nina likizo yangu, nawaleta watoto, tukae kwako mpaka tuone.” Nikasema njooni. Nilikuwa nimeshaloweka ulezi, nimeshataja siku, nataka ntumba mpya mteremko ule ule, maana ulikuwa umepumzika miaka mingi.

Walishuka kwenye basi na mabegi na vitambaa usoni. Siku ya pili jirani akasimama mbali, kule kwenye ua, akapaza sauti kama anaita ng'ombe.

“Bibi, wageni wako watakaa mpaka lini?”

“Si wageni. Ni wanangu.”

“Wametoka kwenye ugonjwa. Sisi hatuji kulima kwa pombe iliyoshikwa na mikono hiyo. Waende kwanza, ndipo tuje.”

Nikamwambia maneno ambayo mwalimu amekataa kuyasahihisha hata herufi. Kwa kifupi, abaki na jembe lake. Msinione mwema. Nilikuwa na hasira, na siku hizi nina cha kula hata asipokuja mtu. Mwaka ule wa dada sikuwa nacho. Wema wa mtu mwenye akiba ni mwepesi kubeba.

Jumamosi ikafika, mitungi imejaa, hakuja mtu. Hata mmoja. Pombe inatoa povu peke yake. Nikatoka na jembe langu nikaenda mteremkoni, mzee wa miaka sitini na moja, ili wanione kutoka kwao. Mwanangu akanifuata na kandambili zake. Akavua. Akanyoosha mikono ile ya kushika sindano.

“Nipe jembe, Mama. Na mimi nitalima.”

Alikuwa na sura ya mama yake, imekuwa nzito kidogo. Sikuweza kumpa jembe wala kumnyima. Nikakaa chini kwenye majani nikamwambia yote: kimea, debe mbili, neno la haki alilolisema mama yake, na nilivyojibu. Sikuweka sababu za wazee wa kijiji mbele. Niliziweka mwisho, na nikasema hazikutosha.

Alinisikiliza amesimama. Kisha akachukua jembe mwenyewe, akajenga ntumba moja, vibaya, imelala upande. Akajenga ya pili. Mikono ikaanza kutoa malengelenge.

“Alikuwa amevaa nini?”

“Gauni la kijani. Limechanika kwapani.”

“Nalikumbuka. Nilikuwa naingiza kidole pale aliponibeba.” Akainua jembe, akalishusha. “Na ulicheka?”

“Nilicheka.”

“Na Shangazi naye?” Ndivyo anavyomwita wifi yangu.

“Nilimwangalia acheke.”

Akachomeka jembe ardhini, akashuka mpaka kwenye maji kunawa. Alikaa huko muda mrefu. Nilimtazama kutoka juu, na katikati yetu zilikuwepo ntumba zake mbili tu, na mimi mzee mzima nikawa naogopa kuzipita.

Walikaa wiki tatu zaidi. Alipika, alifua, alinipima presha kila asubuhi. Stendi, siku ya kuondoka, aliniinamia akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

“Kwaheri, mama mdogo.”

Hivyo ndivyo anavyoniita mpaka leo. Anapiga simu Jumapili: “Shikamoo mama mdogo, dawa umekunywa?” Ananitumia dawa, hajawahi kukosa mwezi. Likizo anampakia binti yake kwenye basi, yeye mwenyewe haji. Silalamiki. Alinipa lile neno akiwa hajui. Sasa anajua, na ananipa la haki yangu.

Mjukuu wangu nimemjibu upya, kabla hajaondoka. Nilimwambia mjini watu walikuwa na kikombe kimoja wakakigawa, na shamba tulikuwa na kihenge tukakifunga, na waliopona ni sisi. Kwa hiyo akitaka kupona, aje shamba. Akitaka kulala usingizi, sijui nimwelekeze kwa nani. Aliniuliza kwa nini mama yake haji na yeye. Nikamwambia amuulize mama yake, na akiambiwa, aamini.

Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, bati jipya upande wa mbele. Mashine moja ya kusaga, ya umeme. Mashamba eka kumi na moja: sita mahindi, mbili na nusu alizeti na maharage, na mbili na nusu za mteremko ambazo hazijaguswa tangu mwaka wa korona, zina ntumba mbili. Ng'ombe sita, wawili wa kulimia, mmoja kilema. Nguruwe wanne. Vihenge viwili, kimoja kimejaa, vyote havina kufuli. Baiskeli. Redio. Simu ya vitufe. Majembe saba, mawili hayana mpini. Kuku sikuwahesabu.